Kiingereza cha Mjomba Bayumi

Minya, 3 Oktoba 1983

Kwako Mjomba Bayumi,

Nakuandikia nikiamini uko mzima, umekaa roshani na chai yako, na mkaza mjomba Fikriya anakugombeza kwa sukari uliyotia. Mpe salamu zangu na mwambie namuunga mkono. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa. Kaka Shahat amepata mtoto wa tatu, wa kike, wamemwita Wajida kwa jina la Mama, na tangu siku hiyo Mama anatembea kichwa juu mtaa mzima. Paa la banda la bata limeanguka. Hakufa bata hata mmoja, na Mama anasema ni kwa dua zake.

Sasa nisikuzungushe, Mjomba. Nina shida, na shida yenyewe ni ya fani yako.

Unajua nilivyo. Nina cheti changu cha Kiingereza, na kazi niliyopata ni kugonga namba kwenye marobota ya pamba pale kiwandani. Mwaka wa tatu sasa. Nikirudi nyumbani nakohoa nyuzi. Basi kuna ofisi moja huko Kairo inatafuta watu wanne wa kusoma magazeti ya Kiingereza kila asubuhi na kuwafupishia wakubwa kwa lugha yetu, maana wakubwa hawana muda. Mtihani ni tarehe 17 Machi. Nikishinda nimetoka kwenye pamba. Nikishindwa, Mama ameshanionyesha mwanamume mmoja mwenye duka la mbolea, na sitaki kuzungumza habari zake.

Vitabu vya Kiingereza nasoma, Mjomba, wala sijivuni. Lakini gazeti linanishinda. Naanzia kichwa cha habari na hapo hapo nakwama. Wameng'oa maneno nusu, kama telegramu iliyotumwa na bahili. Jambo lilitokea juzi, wao wanalisema kama linatokea sasa hivi. Halafu wana vijineno vifupi vifupi ambavyo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha. Nikishuka kwenye habari yenyewe nakuta majina kumi na vyeo ishirini, nikifika mwisho nimesahau nani alimfanya nini nani.

Nilipomlalamikia Mama akaniangalia kama mwehu. "Una mjomba aliyefanya kazi gazeti la Kiingereza miaka thelathini na moja, unalia nini? Mwandikie!" Kisha akatoka mlangoni akamwambia jirani, kwa sauti ya kusikika hadi reli, kwamba mdogo wake atanifundisha.

Nimekuwekea vipande vitatu nilivyokata kwenye gazeti la stesheni. Nieleze maana yake, na uniambie wewe ulikuwa unavielewaje.

Mpwa wako anayekutegemea,
Inshirah


Bulaq, Kairo, 11 Novemba 1983

Mpendwa Inshirah, binti wa dada yangu,

Barua yako ilifika zamani na najua umenisema. Jino ndilo lililonichelewesha. Limeng'olewa, na mganga wa meno alipumzika mara mbili katikati kama mtu anayechimba kisima. Fikriya anakusalimu, anasema kwa habari ya sukari wewe ni msema kweli tangu ulipozaliwa. Mpongeze Shahat. Mwambie dada yangu asipande juu ya banda la bata kulitengeneza mwenyewe. Namjua, atapanda.

Tuje kwenye masomo. Kwanza ondoa hofu. Unadhani maneno yaling'olewa ili kukutesa wewe uliye Minya. Wapi! Kichwa cha habari ni nguo, na safu ya gazeti ni mwili. Mwili hautanuki. Mhariri anakuja na maneno yake mazuri kwenye karatasi, anatuletea sisi tunaopanga herufi, nasi tunapanga, tunamwambia: "Bwana, hayaingii." Anatoa neno moja. Hayaingii. Anatoa jingine. Anakwaruza kichwa, anaondoa neno refu anatia fupi. Ndiyo maana vijineno vile. Hakuna Mwingereza anayezungumza hivyo na mkewe. Vinapendwa kwa sababu ni vyembamba. Basi weka daftari, kila kijineno kifupi unachokutana nacho kiandike, maana utakutana nacho tena. Si vingi. Nadhani havifiki mia, maana mikono yangu ilikuwa inavirudia kila siku.

Pili, ujue kuwa aliyeandika habari siye aliyeandika kichwa. Mwandishi yuko nje anahangaika juani, na kichwa kinatiwa na mtu mwingine aliyekaa chini ya feni, ana haraka, na chai yake inapoa. Kwa hiyo kichwa kisipoeleweka, usikae hapo ukalia. Shuka mstari wa kwanza, mtu wa juani atakueleza.

Kuhusu vipande vyako: viwili ni vya safu moja moja, mambo madogo. Kile cha safu nane, kilichovuka ukurasa mzima, hicho ni kizito. Safu nane hatukuzipanga ila amekufa mkubwa au vita vimeanza. Kisome kwa macho hayo.

Akuombeaye heri,
Mjomba wako Bayumi


Minya, 25 Novemba 1983

Kwako Mjomba Bayumi,

Pole na jino. Mama alipanda juu ya banda, ndiyo, na akashuka, na bata sasa wana paa zuri kuliko letu. Wajida mdogo ameanza kucheka. Maulidi inakaribia na Mama anakumbusha kwamba mwanasesere wa sukari wa Bulaq hana mfano, asemaye hivyo ni mwanamke wa miaka sitini na tatu.

Habari ya nguo na mwili imenifungua macho. Daftari nimeanza, nina vijineno thelathini na nane, na vimeshaanza kujirudia kama ulivyosema. Na kushuka kwa mtu wa juani kumeniokoa mara nyingi. Lakini Mjomba, lazima nikuambie yaliyonipata kwa safu nane zako.

Kuna Ustadhi Sabri anayetufundisha jioni, watu saba tunaojiandaa. Nikanyanyua mkono kwa kujidai. Nikasema: "Hiki kichwa cha safu nane, amekufa mkubwa." Ustadhi akavua miwani. "Mkubwa gani, binti yangu?" Nikataja jina lililoandikwa pale. Darasa zima likaangua kicheko. Ustadhi akasema, "Mungu amrehemu, lakini jana nilimsikia redioni akizuia penalti." Ilikuwa habari ya mpira, Mjomba! Ukurasa wa nyuma! Sasa wananiita mjane wa golikipa.

Nikamwambia Mama, akasema: "Bayumi alikuwa anampima mtoto." Ni kweli ulikuwa unanipima? Kama ndivyo, nimeshindwa na nimekoma. Ila sasa nieleze wazi. Nimekuwekea habari moja tu, fupi, kuhusu daraja. Niandikie inasema nini, mstari kwa mstari, nilinganishe na ninavyoelewa mimi. Na unifundishe namna ya kuvuka habari ndefu bila kuzama.

Mjane wa golikipa,
Inshirah


Bulaq, 14 Januari 1984

Mpendwa Inshirah,

Mafua yameingia nyumba hii yakafanya kambi. Fikriya alianza, nikafuata, akarudia. Ndiyo sababu ya ukimya. Mwanasesere wa sukari nimempa dereva wa lori anayekuja Minya. Akifika bila kichwa mlaumuni dereva.

Ndiyo, nilikuwa nakupima. Mwanafunzi asiyebishana na mwalimu wake hafiki mbali. Mwambie Ustadhi Sabri nimefurahi ana masikio.

Kipande cha daraja nimekurudishia kama kilivyokuja. Nikikutafsiria mimi, utakuwa umesoma nini wewe? Machi hawatanikalisha mimi kwenye kile kiti. Lakini hilo la habari ndefu nitakufundisha, na hili, Inshirah, shika kwa mikono miwili.

Chumba chetu kilikuwa chini, mitambo ikinguruma, na msimamizi wetu alikuwa Muarmenia mmoja, tukimwita hawaja Aram, yaani bwana mgeni, mfupi, mkali, suruali imefungwa kifuani. Tuligonga herufi za habari kwenye mashine, moja moja, zikatoka zikiwa mistari ya madini ya risasi, kila mstari kipande chake, bado wa moto. Tunaipanga kwenye fremu ya ukurasa. Mara habari inakuwa ndefu kuliko nafasi. Hakuna wakati wa kumwita mwandishi. Hawaja Aram anapiga kelele: "Mkia! Kata mkia!" Tunaitoa mistari ya mwisho, minne, sita, hata kumi, tunaitupa kwenye sufuria la kuyeyushia. Hatukusoma nini tunatupa. Hatukuuliza. Kila siku, miaka yote. Na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kushuka akalia.

Kwa nini hawakulia? Kwa sababu walijua tunakata mkia, basi hawakuweka kitu mkiani. Habari ya gazeti haiendi kama hadithi ya bibi, ambayo zimwi linakuja mwisho. Zimwi liko mstari wa kwanza. Wa pili unaufafanua wa kwanza, wa tatu unaongeza jina, na kadiri unavyoshuka mambo yanazidi kuwa mepesi. Kwa hiyo, ukipewa habari ya mistari arobaini uifupishe, chukua mkasi. Kata mkia uone kama mwili bado unasimama. Kata tena. Ukifika mahali ukikata inaanguka, hapo ndipo muhtasari wako.

Mpe Mama yako magoti yangu, ni mazima kuliko yake.

Mjomba Bayumi


Minya, 29 Januari 1984

Mjomba wangu, mwalimu wangu, taji la kichwa changu,

Leo siulizi mafua. Siulizi chochote! Mama mzima, watoto wazima, mwanasesere kafika na kichwa chake. Sikiliza.

Ustadhi Sabri alitupa habari ya safu mbili kamili, mambo ya reli, na robo saa. Wenzangu wakaanza kutafsiri neno kwa neno, jasho linawatoka. Mimi nikatoa mkasi kwenye mkoba. Ustadhi akauliza, "Unataka kushona?" Nikakata mkia. Nikakata tena. Nikabaki na mistari saba, nikaandika, nikampelekea, nikiwa na dakika tano mkononi. Akaisoma. Akasoma ya wenzangu. Akarudi yangu. Akasema, "Nani alikufundisha hivi?" Nikasema, "Mjomba wangu, alikuwa gazeti la Kiingereza Kairo." Akasema, "Huyo ni bingwa. Mfikishie salamu zangu."

Nilipomsimulia Mama alilia, kisha akakasirika kwamba analia. Akasema, "Nilipomtoa shule ya kijijini nikamfungia mikate kwenye kitambaa aende Kairo, watu walisema namtupa."

Sasa Mama ameamua, nami nimefurahi zaidi yake. Tutakuja wote wawili tarehe 9 Machi, wiki nzima kabla ya mtihani. Tutakaa kwenu. Kila asubuhi utanunua gazeti, utanisomea kwa sauti, utanisahihisha matamshi na maana, mimi na wewe mezani, mpaka siku ya siku. Mama ameshachagua bata wawili, na anaoka mikate ya kuumuliwa juani ya kutosha kikosi cha askari. Amewatangazia watu kwamba atakusikia kwa masikio yake mwenyewe ukizungumza Kiingereza, jambo ambalo hajawahi kulisikia maishani.

Mwambie mkaza mjomba asijisumbue na chochote.

Inshirah


Bulaq, 21 Februari 1984

Kwa Inshirah,

Salamu kwenu nyote. Sisi wazima.

Nyumba inapakwa rangi na mafundi wamevuruga vyumba vyote. Kuja kwa wiki nzima hakutawezekana. Afadhali ufike tarehe 16 jioni, ulale, uamkie mtihani. Kama dada yangu anataka kukaa zaidi, kuna binamu yetu Shubra ana nafasi.

Mambo ya kukusomea kwa sauti hayana haja. Unajua vya kutosha.

Bayumi


Minya, 25 Februari 1984

Kwa Mjomba Bayumi,

Tumeipata barua yako. Mafundi Mungu awape nguvu.

Mama aliniomba niisome mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani nimeruka kitu. Sikuruka, haikuwa ndefu. Aliinuka akawafungulia wale bata wawili. Baadaye akasema, "Ndugu yangu ananielekeza Shubra." Nikamwambia ni rangi tu, Mama. Akasema katika maisha yake amelala kwenye nyumba zisizo na paa, rangi haikuwahi kumzuia mtu.

Halafu akasema neno ambalo nakuandikia kama lilivyo: "Mlango wa Bayumi ukifungwa, Kairo imefungwa. Huendi." Nimemwomba siku mbili. Habishani. Ananiletea chakula na kunitazama kwa huruma. Jana mwenye duka la mbolea alikuja kunywa chai, akakaa saa mbili.

Sijui nilikukosea nini, Mjomba. Kama ni kuhusu golikipa, nilikuwa natania. Kama ni mzigo kukaa na mimi mezani, ungesema tangu mwanzo, nisingekuomba. Daftari langu nimelifunga. Lilikuwa limefika vijineno themanini na tisa.

Inshirah


Bulaq, 2 Machi 1984

Inshirah,

Keti chini. Mwite mama yako aketi. Msomee barua hii yote kwa sauti, na usiruke mstari hata mmoja, hata ukiona aibu. Aibu ni yangu, niachie mwenyewe.

Hakuna rangi. Hakuna fundi. Kuta ni zile zile za kijani alizoziona dada yangu siku ya harusi yangu.

Sijui Kiingereza.

Nimeandika maneno hayo nikainuka, nikazunguka chumba, nikarudi. Bado yapo. Sijui Kiingereza, Inshirah. Sikukijua jana wala mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na moja nilipoajiriwa. Herufi zake nazijua, nazijua hata zikiwa kinyumenyume kwenye risasi, kwa kugusa tu, macho nimefumba. Nikiona neno naweza kukuambia litachukua nafasi kiasi gani kwenye safu. Linasema nini, sijui. Kipande chako cha daraja nilikikodolea macho wiki sita. Nisingejua kama ni daraja kama usingeniambia. Kwenye mkahawa hapa chini huja msahihishaji mmoja mstaafu tuliyefanya naye kazi. Mara tatu nilikwenda na kipande chako mfukoni nimwombe anisomee, na mara tatu nikaishia kumuuliza habari za mtoto wake.

Siku niliyotafuta kazi tulikuwa watatu. Hawaja Aram alituonyesha ukurasa akauliza umeandikwa nini. Wenzangu wawili walikuwa wamesoma, wakaanza kusoma kwa mbwembwe. Akaniuliza mimi. Nikasema, "Sijui, bwana." Akawaambia wale, "Nendeni nyumbani," akanishika bega. Ilikuwa desturi yake. Alisema anayejua lugha hupanga anachodhani kimeandikwa, na asiyejua hupanga anachokiona. Wanaojua walimjazia makosa. Sisi tusiojua tuliweka herufi moja baada ya nyingine kama zilivyo. Kwa hiyo niliajiriwa kwa kutojua, na nikapandishwa cheo kwa kutojua, na kama ningejifunza angenifukuza.

Sikukuu ya kwanza nilipokuja Minya, dada yangu alikuwa amewaambia watu wote, "Bayumi anaandika gazeti la Kiingereza." Nilifungua mdomo niseme. Nikamwona uso. Yeye hakwenda shule ili mimi niende, alibaki na samadi mimi nikabaki na kalamu. Nikafunga mdomo. Nilidhani nitasema mwaka unaofuata.

Hivyo, Wajida dada yangu, ulipotaka kuja kunisikia kwa masikio yako, nilifunga mlango. Afadhali uniite mbaya kuliko uniite mwongo, ndivyo nilivyowaza. Fikriya anajua yote tangu zamani. Tangu nilipotuma barua ya rangi hasemi na mimi. Anapika, anaweka sahani, anaondoka.

Mlango uko wazi. Njooni tarehe 9, njooni kesho. Sitamsomea mtoto gazeti, maana siwezi. Nitakachoweza ni kukaa naye na saa na mkasi.

Kuna jambo moja zaidi. Humu nimetia kipande kidogo cha gazeti, kimekuwa cha manjano. Ni cha tarehe 17 Agosti 1961. Nilikipanga mwenyewe, na katikati ya kupanga nikatambua jina langu, herufi zangu sita. Siku ya pili wahariri walishuka chini, wakanipiga mabegani, wakacheka. Nikacheka nao. Sikuwahi kujua tunacheka nini. Miaka ishirini na mbili kimekaa kwenye kasha la miwani, na sikumuuliza mtu, kwa sababu nikimuuliza atajua. Huenda ni sifa. Huenda walinifanya kichekesho. Wewe unaweza kukisoma. Kama ni kibaya, kichome, uniambie panya wamekila.

Ndugu yenu,
Bayumi


Minya, 19 Aprili 1984

Kwako Mjomba Bayumi, na kwa mkaza mjomba Fikriya ambaye najua anasoma begani kwako,

Tunawasalimu kwa mapenzi na tunawashukuru kwa siku tisa zile. Mama bado anaukosoa mchuzi wa mboga ya mlukhia wa Kairo lakini alijaza sahani kila mara, tulimwona. Wajida mdogo ana jino.

Habari kubwa naiweka juu, kama inavyopasa: nimeshinda. Wamechukua wanne, mimi ni wa pili. Kazi inaanza tarehe mosi Juni. Mama anauliza kama chumba kile cha nyuma kina nafasi, na haulizi, anaarifu. Mwenye duka la mbolea ametuletea pongezi na amechumbia binti wa jirani wiki hiyo hiyo. Mtihani wenyewe ulikuwa habari ndefu ya mfereji, majina kumi na manne. Mkasi walinikataza kuingia nao. Nikatumia kucha, nikachora mstari kwenye karatasi, na sauti yako ikawa sikioni, "Kata, binti, inasimama bado, kata!"

Sasa lile ambalo hatukulisema.

Siku tisa tulikaa nyumba moja na hukuniuliza kuhusu kipande chako, nami sikusema. Nilikuona unavyonitazama nikifungua mkoba. Nyumba ilikuwa imejaa watu, Mjomba, na nilitaka kwanza nishinde, nikusomee kama mtu wa kazi, si kama mtoto anayebahatisha. Tena najua ulikuwa hujui kama Mama alisomewa ile barua yako, kwa jinsi alivyoingia na bata wake akakukumbatia na kuanza kulalamikia ngazi. Alisomewa. Yote, sikuruka. Alisikiliza huku ananyonyoa bata. Nilipofika "Sijui Kiingereza" mikono ilisimama. Nilipomaliza machozi yalikuwa yanamshuka puani naye hapangusi kwa sababu ya manyoya. Akasema: "Mjinga huyu. Mimi nilimpeleka akapate kazi, nani alimpeleka akapate Kiingereza? Miaka yote hiyo amekuwa akija hapa anakaa na mimi kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana." Akaniagiza nisiseme neno kwenu, usije ukaona haya mbele yake. Akaendelea kunyonyoa. Asubuhi tulikata tiketi.

Na hiki ndicho kipande chako. Ni kazi yangu ya kwanza, nimeifupisha kidogo sana.

Kichwa kinasema: Mtu Asiyekosea. Ni kifupi kwa sababu safu ni moja, hilo wewe unalijua. Chini yake: "Wasomaji wanaotuandikia kutupongeza kwa gazeti lisilo na makosa ya chapa wanapaswa kumshukuru Bwana Bayumi, mpanga herufi wetu kwa miaka kumi. Mwaka huu, katika kurasa alizozipanga yeye, wasahihishaji wamekuta makosa manne tu, na yote yalikuwa ya wahariri. Bwana Bayumi hajui hata neno moja la Kiingereza. Anapanga habari hii sasa hivi na hajui kwamba inamhusu. Sisi tunaojua lugha hii tangu utotoni, na bado tunaikosea kila siku, tunamvulia kofia. Tukishuka kumpongeza atatucheka, na atakuwa na haki."

Ndiyo maana walikupiga mabegani.

Nimemsomea Mama mara tatu. Ya tatu alisimama wima. Sasa anakishika kipande kile mwenyewe, kimezungushiwa nailoni, na kila anayekuja kununua mayai anakishikishwa. Anasema: "Ndugu yangu aliandika lugha asiyoijua miaka thelathini na moja, na hakukosea. Wewe unajua ya kwako, na barua yako ya juzi kwa mwanao hakuna aliyeielewa." Jirani mmoja ameacha kununua mayai kwetu.

Kwa hiyo Mjomba, siri uliyomficha dada yako, iliyokufungia mlango mpaka ukaninyima Kairo kwa juma zima, mabalozi waliisoma wakinywa chai mwaka wa sitini na moja. Wenye mahoteli waliisoma. Manahodha wa meli waliisoma Bandari Said. Nimeipitia yote, herufi kwa herufi, nikitafuta. Wewe ndiye uliyeipanga, na hakuna kosa hata moja.

Mpwa wako,
Inshirah